Matembezi ya usiku Gamboa, Panama: vyura wanaoita huku popo anasikiliza

Hii naiandika kwanza kwa ajili ya mabaharia wenzangu, wengine mtafaidika pembeni. Mkataba ukiisha unashushwa bandari ya Balboa, ajenti anakupeleka hoteli ya Jiji la Panama, anakwambia tiketi ya kurudi nyumbani inashughulikiwa. Inashughulikiwa leo, inashughulikiwa kesho. Unabaki na kiyoyozi na runinga ya Kihispania. Wengi wetu huishia kwenye maduka ya Albrook kununua raba ambazo hata Kariakoo zimejaa. Mimi nilitoa dola 40 nikaenda kusikiliza vyura usiku huko Gamboa. Hukumu naitoa mapema ili asiye na muda aishie hapa: nyota 4 kati ya 5. Ile ya tano nimeishikilia kwa sababu ya uendeshaji. Vyura na popo wao hawana kosa.

Gamboa iko kama kilomita 30 kutoka jijini, pale Mto Chagres unapoingia kwenye Mfereji wa Panama. Ni kamji kadogo, kaliwekwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mfereji, na meli kubwa zinapita mbele ya nyumba za watu. Nimeshapita hapo kazini, lakini third injinia kama mimi wakati wa kuvuka mfereji yuko chini na mashine zake. Hata jani sikuwahi kuliona. Nyuma ya mji kunaanza msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Soberanía, hapo hapo, bila shamba wala kijiji katikati. Basi la kwenda lipo kituo kikuu cha Albrook. Shida ni kurudi, maana matembezi yanaisha usiku umeshaingia. Elewana na teksi bei ya kwenda na kurudi, dereva akusubiri, na umlipe nusu tu kwanza. Sisi tulikuwa wawili, mimi na kijana mmoja wa Pemba, oila wetu wa chumba cha injini, tukachangia.

Pale hotelini nao walikuwa na matembezi yao, bei mara mbili na ushei, na kipeperushi chenye vyura wekundu na wa buluu wanaong'aa. Vyura hao wapo kweli Panama na wanapendeza. Ila ni vyura wa mchana, na kipeperushi kiliandika saa za usiku. Nilimuuliza dada wa mapokezi kama tutawasikia wakilia, akaniangalia kama niliyeomba chakula ambacho hakipo kwenye menyu. Nikashukuru, nikaondoka.

Mwongozaji wa Gamboa tulielekezwa na baharia mwingine. Jina lake na namba sitaziweka hapa. Ukifika Gamboa ulizia mtu wa vyura, utaoneshwa nyumba. Hana ofisi wala tovuti. Ana simu moja, tochi, mabuti ya mpira ya kuazimisha ya saizi za kubahatisha, na mkoba wa turubai ambao hadi mwisho wa usiku haukuacha kutoa vitu. Ujanani aliwabebea watafiti nyavu na betri. Hilo si jambo dogo, kwa sababu taasisi ya utafiti ya Kimarekani, Smithsonian, ina kituo chake hapo Gamboa na kwenye kisiwa cha Barro Colorado kilicho jirani, na chura mmoja wa madimbwi ya hapo, anayeitwa túngara, ni miongoni mwa vyura waliochunguzwa zaidi duniani kwa habari ya milio. Kwa hiyo mambo anayokusimulia mzee huyu si ngano za watalii. Mengine aliyaona yakipimwa.

Masharti aliyatoa kabla ya kupokea pesa. Tochi nyeupe hakuna, taa nyekundu tu. Dawa ya mbu usipake viganjani, usije ukamshika chura kwa bahati mbaya ukamuunguza. Na yeye akiinua mkono, kila mtu anyamaze hata kama alikuwa katikati ya neno. Nilimpenda hapo hapo. Kwenye chumba cha injini nimezoea watu wa namna hiyo.

Nilitegemea tuingie msituni. Akatupeleka nyuma ya maegesho ya magari, kwenye dimbwi lililochimbwa na matairi na kujazwa na mvua ya alasiri. Kijana wa Pemba akaninong'oneza, "Ami, tumetoa dola 40 tuje kutazama shimo la maji machafu?" Nikamwambia, subiri baba. Lakini na mimi nilikuwa nimeanza kuhesabu hasara.

Tukachutama. Dimbwi lilikuwa linapiga kelele.

Chura mwenyewe si wa kumtazama mara mbili: sentimita 3 hivi, ngozi ya vipele, rangi ya udongo. Anaelea amejaa hewa. Akiita, hewa inahama, ubavu unasinyaa na mfuko wa chini ya koo unafutuka hadi unakaribia ukubwa wake mwenyewe, kisha hewa inarudi ndani na mwili unajaa tena. Kila inapohama na kurudi, maji yanatikisika na viduara vya mawimbi vinatoka kwake kwenda ukingoni. Mzee alivimulika viduara hivyo kwa taa yake nyekundu akasema tuvikumbuke, tutavihitaji baadaye.

Mlio wake una vipande viwili. Cha kwanza ni mluzi unaoteremka, piiiuuu, unaoanzia karibu hezi 900 (mitetemo 900 kwa sekunde) na kushuka hadi 400 hivi, wote kwa kama theluthi moja ya sekunde. Cha pili ni mlio mfupi wa kugonga unaobandikwa mwishoni, kok. Mluzi kila dume anautoa. Kok ni hiari yake. Anaweza asiweke kabisa, akaweka moja, akaweka mbili, na mashindano yakipamba moto hufika hata saba. Ukishaelekezwa, sikio linaanza kupanga lenyewe: yule wa kushoto ni piiiuuu tupu, wa katikati piiiuuu-kok, na kuna mmoja karibu na ukingo, mbabe, piiiuuu-kok-kok-kok, hapumziki.

Sasa hapa ndipo penye thamani ya pesa yako. Jike anapenda kok. Hii si dhana. Mtafiti Mmarekani Michael Ryan alianza kuwachunguza vyura hawa hapo Panama mwishoni mwa miaka ya 1970, na majike walipowekewa spika mbili, moja ikipiga mluzi mtupu na nyingine mluzi wenye kok, walielekea yenye kok kwa uwiano wa kama 5 kwa 1. Kama ni hivyo, mzee akatuuliza, mbona huyu wa kushoto anabania? Anakosa nguvu? Hajui? Mpemba akajibu, "Bahili." Mzee akacheka, maana tafsiri niliyompa kwa Kiingereza changu cha meli ilimfikia nusu.

Jibu lilikuwa mkobani. Akatoa popo wa kadibodi, mweusi, ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa, na mwingine mdogo zaidi, wote wamefungwa kwenye uzi wa kuvulia samaki. Upande mmoja wa dimbwi akaufunga uzi kwenye nguzo, mwingine akaushika. Kwanza akampitisha yule mdogo juu ya maji. Vyura waliendelea kuita, hawakujali. Halafu akampitisha mkubwa.

Kimya. Si kupungua kwa kelele, ni kukatika, dimbwi zima, kwa mpigo mmoja. Nilimulika (nyekundu) nikamwona yule mbabe amejishusha, ile hewa yote imemtoka, macho tu juu ya maji. Mwingine alikuwa ameshazama. Mpemba akanishika bega. "Ami, wamemwona?"

Wamemwona. Jaribio hilo la popo wa bandia, wakubwa na wadogo, watafiti walilifanya miaka ya 1980 mwanzoni, na mzee amelinakili kwa kadibodi na uzi. Chura ana ngazi zake za woga: kwanza anaacha kuita, tishio likizidi anatoa hewa, likizidi zaidi anapiga mbizi. Na anatofautisha popo mla wadudu, ambaye hana habari naye, na yule anayemtafuta yeye.

Anayemtafuta yeye anaitwa Trachops cirrhosus. Ni popo wa gramu 30 na kitu, masikio makubwa, midomo na kidevu vimejaa vinundu. Popo wengi masikio yao yamekaa kwa ajili ya sauti za juu sana, zile za mwangwi wao wenyewe ambazo sisi hatuzisikii. Huyu anasikia vizuri na za chini, zile ambazo chura anaitia. Merlin Tuttle, mtaalamu wa popo, alimnasa wavuni huko Panama akiwa na chura mdomoni, na mwaka 1981 yeye na Ryan wakachapisha katika jarida la Science kwamba popo huyu huwafuata vyura kwa sauti zao. Na akipewa spika mbili, mluzi mtupu na mluzi wenye kok, naye anachagua kok. Ladha yake na ya jike ni moja.

Wazee wetu wanasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Sawa, ng'ombe hazimzuii. Popo zinamwita mezani.

Kwa hiyo yule wa kushoto si bahili. Akiwa peke yake hana sababu ya kulipia kok: mluzi mtupu unatosha kumleta jike kama hakuna mwingine wa kumlinganisha naye. Akitokea jirani anayeweka kok moja, hapo analazimika kuweka na yeye, na wa tatu anaweka mbili. Ushindani unawapandisha, popo anawashusha. Na wengi wakiwa pamoja kuna nafuu nyingine, kwamba popo ni mmoja na vyura ni thelathini, kwa hiyo uwezekano wa kuwa wewe ndiye unayeondoka nao unapungua. Mimi nikiwa mtu wa mashine niliona na jambo jingine. Mluzi unaovuma mfululizo, kwenye chumba cha injini, unaweza kuutafuta robo saa usijue unatoka valvu gani. Kitu kinachogonga, kok, kok, unanyoosha kidole mara moja. Nikamwambia mzee, akasema hata watafiti walianza kwa kulifikiria hilo hilo. Sikujizuia kujisikia.

Tulisubiri dimbwi lirudi. Ni sehemu ambayo mwongozaji mwenye haraka angeiruka, na wewe mpigie alama anayekuacha uisikie. Muda ulipita hadi mtalii mmoja wa kundi letu akaanza kupekua simu. Kisha mmoja akajaribu, piiiuuu, tupu, kwa sauti ya kujibana. Mwingine. Wakaja watatu, wanne, wote tupu. Kok ya kwanza ilichelewa sana kurudi, na aliyeirudisha alikuwa yule yule mbabe wa ukingoni.

Na viduara? Mzee akampitisha popo wa kadibodi mara nyingine, akatuamuru tusitazame chura, tutazame maji. Sauti ilikatika papo hapo. Mawimbi hayakukatika, yaliendelea kutanuka kwa sekunde chache juu ya maji matulivu, na katikati yake ndiyo alipo chura. Mwaka 2014 kundi la watafiti likiongozwa na Mholanzi Wouter Halfwerk lilionesha kwamba popo huyu huyatambua mawimbi hayo kwa mwangwi wake, na hushambulia zaidi penye sauti na mawimbi pamoja kuliko penye sauti peke yake. Dimbwi likiwa limejaa majani, kazi inamwia popo ngumu. Yaani chura amefunga mdomo kwa wakati, na bado maji yanamtaja. Mpemba, ambaye kwao wanavua kwa kutazama uso wa bahari, alilikubali hili haraka kuliko mimi.

Kuna na adui mwingine, na huyu alituhusu moja kwa moja. Ni visubi vidogo mno vya jenasi ya Corethrella, majike wanaonyonya damu ya vyura, na wanampata chura kwa kuufuata mlio wake. Nao pia huvutwa zaidi na mlio wenye kok. Mzee alitupa kioo cha kukuzia na kutuonesha chura mmoja ambaye puani ana vitu vinavyotambaa. Anaita, anapangusa kwa mkono, anaita. Sisi tulikuwa tunaumwa na mbu wa kawaida muda wote huo, lakini angalau hatukuwaita.

Baada ya hapo tukaingia msituni kwa barabara ya udongo iitwayo Pipeline, inayojulikana zaidi na watazama ndege wa mchana. Mpangilio wa kuanzia mjini kumbe ulikuwa na maana. Dimbwi la pili, lile la msituni, lina vyura wale wale, lakini sikiliza: milio michache, mapengo marefu, kok za kuhesabu. Mwaka 2018 Halfwerk na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha túngara wa mjini na wa msituni. Wa mjini wanaita zaidi na kwa milio yenye madoido zaidi, na spika zilizowekwa mjini zilivuta popo wachache na visubi wachache kuliko za msituni. Majike nao wachache pia, kwa hiyo dume wa mjini lazima ajitangaze. Wakawahamisha: wa mjini akipelekwa msituni anapunguza madoido yake, wa msituni akiletwa mjini hawezi kuyaongeza. Na majike wa msituni, walipopewa sauti wachague, robo tatu yao waliwapenda wa mjini. Hapo Mpemba akasema jambo kuhusu vijana wa kwao wanaorudi likizo kutoka Dar ambalo siliandiki.

Sasa suala la spika, ambalo nimelifikiria sana. Msituni mzee aliweka spika ndogo chini, juu ya majani, akapiga rekodi ya túngara, piiiuuu-kok-kok. Tukasimama mbali tumenyamaza. Sikumwona popo akija. Nilisikia upepo tu shavuni, kisha kwenye taa nyekundu kitu kikatua juu ya spika, mabawa yamefunguka yameifunika, kikazunguka, kikanusa, kikaondoka. Sekunde mbili, tatu. Mama mmoja wa Kikanada aliyekuwa nasi alitoa sauti ambayo vyura wote walinyamaza.

Mzee alipiga mara moja tu, hakurudia, ingawa jamaa wawili walimwomba na mmoja alitoa noti. Alisema popo si mjinga, ukimdanganya anakumbuka. Hilo nalo lina utafiti wake: popo hawa hapo Panama walifundishwa kufuata mlio wa simu ili wapate chakula, wakaachiwa porini, na wengine walipokamatwa tena hata baada ya miaka 4 walikuwa bado wanaufuata. Hujifunza pia kwa kutazamana. Mtafiti Rachel Page na Ryan walimfundisha popo kwamba mlio wa chura mwenye sumu sasa una chakula, kisha wakamweka na popo asiyejua. Asiyejua alilishika somo kwa wastani wa majaribio kama 5, ambapo popo anayejaribu peke yake alihitaji karibu 100. Nilipoyasikia haya niliacha kumwona popo kuwa ni radi inayompiga chura ovyo. Wanafundishana jinsi ya kuwinda, na chura anacheza dhidi ya kumbukumbu ya ukoo mzima. Kwa hiyo wewe ukipata mwongozaji anayepiga spika kila dakika tano ili upige picha, huyo anakuuzia popo aliyekwisha kudanganywa na kila kundi lililokutangulia. Mkatae.

Kituo cha mwisho ni kijito chenye maporomoko madogo, na hapa ndipo nusu ya kundi walipochoka. Njia inateleza, mawe yana utelezi wa mwani, na mabuti ya kuazima yalikuwa yananipwaya. Ila mimi hapo ndipo nilipofurahi kuliko kote. Kuna chura mwingine wa mitini, Smilisca sila, anayekaa kando ya kijito, naye popo huyo huyo anamtafuta, lakini njia yake ya kuokoka ni nyingine kabisa. Kwanza anapenda kuita karibu na maji yanayoanguka, kelele ya maji imfunike. Pili, mmoja akiita, jirani yake anaita hapo hapo juu yake, ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, milio inaangukiana hadi huwezi kusema ametoka wapi. Mimi niliyejigamba kupata valvu kwa sikio nilielekeza kidole mara kadhaa, na kila mara mzee alimulika penginepo. Kisha wanakaa kimya muda mrefu, unafikiri wameondoka, halafu mara, wote kwa pamoja tena.

Chura huyu pia anaangalia mwezi. Tuttle na Ryan waliona kwamba usiku wa mbalamwezi anaita zaidi na kwa milio mirefu zaidi, na gizani anabana, pengine kwa kuwa kwenye mwanga anamwona popo akija. Usiku wetu ulikuwa na mawingu na mwezi wa kujificha, na nilisikia mwenyewe: wingu likipita, kijito kinabaki na sauti ya maji tu. Sikuwa nimewahi kumsikia mnyama akipima mwanga.

Malalamiko sasa, maana nimeahidi. Kundi lilikuwa kubwa mno. Aliniambia watu sita, tukawa tisa; watatu waliongezwa dakika ya mwisho. Kwenye dimbwi watu tisa hawawezi kuchutama bila kukanyagana, na kwa mambo ya kusikiliza kila mtu wa ziada ni pumzi ya ziada, koti la ziada linalochakarika. Mmoja wa hao watatu aliwasha tochi nyeupe mara mbili na mzee alimkemea kwa upole mno. Mimi ningemrudisha kwenye gari. Mabuti nimeshayasema. Choo hakuna kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kahawa iliyoahidiwa kwenye ujumbe ilikuwa chupa moja ya chai ya baridi kwa watu wote, na biskuti zilizolowa. Waislamu wenzangu, saa ya kukutana ni karibu kabisa na magharibi, kwa hiyo mwombe mapema akupe dakika za kuswali kabla ya kuondoka. Sisi alitupa baraza la nyumba yake na mkeka bila kuuliza swali hata moja, na hilo nimelipigia hesabu upande wa mazuri. Risiti hatoi. Kama kampuni yako inarudisha gharama, sahau.

Wengine wataniuliza kuhusu ziara ya mchana ya kisiwa cha Barro Colorado yenyewe. Inaandaliwa rasmi, unavuka kwa boti kutoka Gamboa, unatembezwa msituni na kulishwa chakula cha mchana. Kisiwa kilikuwa kilele cha kilima hadi mto ulipozuiwa na Ziwa Gatún kujaa, mfereji ukafunguliwa 1914, na sehemu kubwa ya kazi za mwanzo za Ryan na Tuttle ilifanyika hapo. Ni safari nzuri kwa mtu anayetaka historia na kima. Lakini ni ya mchana, na mchana túngara amejificha. Ukiwa na nafasi ya moja tu na unachotaka ni hiki nilichokieleza, chukua usiku.

Nenda majira ya mvua, kuanzia Mei hadi Desemba, na hasa siku ambayo mvua imenyesha mchana ikakatika jioni. Kiangazi madimbwi yanakauka na mzee mwenyewe anasema hapokei pesa. Vaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu la kitambaa laini kisichochakarika. Koti la mvua la nailoni liache kwenye teksi. Kabla ya kulipa muulize ni watu wangapi, na akisema sita mwambie akiongezwa wa saba unashuka wewe. Simu izime kabisa, usiitie tu kimya, maana kioo chake kinawaka. Na kama ajenti amekwambia ndege yako ni alfajiri, acha kabisa: tulirudi hotelini usiku wa manane, na viatu vyangu nilivifunga kwenye mfuko wa plastiki vikiwa bado vinadondosha maji.